Uhakiki wa Istilahi za Kuchonga Herufi kwa Mashine: Mifano kutoka Mbeya na Iringa

Utangulizi

Ni desturi ya kurasa hizi kuhakiki orodha za istilahi zilizotungwa na watu wengine. Mhakiki huonyesha pale ambapo mtungaji ametohoa bila sababu, au ametafsiri sisisi, au amelipa neno moja mzigo wa dhana tatu. Makala haya yanafuata desturi hiyo, ila orodha inayohakikiwa imeandikwa na mhakiki mwenyewe. Ni orodha ya istilahi arobaini na mbili zihusuzo mashine ya kuchongea mbao inayoendeshwa kwa kompyuta, ile ambayo mafundi wetu huiita kwa herufi zake tatu, CNC. Niliiandika mezani. Haikuwa imefika katika kikao chochote cha usanifishaji, wala haikuwa na idhini ya mtu. Hata hivyo niliwapa nakala mafundi wachache wa Mbeya na Iringa ili waijaribu kazini. Mmoja wao, kijana wa Iringa, aliijaribu juu ya ubao wa mninga alioununua kwa fedha yake mwenyewe, na ubao huo ukaharibika.

Ni vyema ieleweke tangu mwanzo kwamba mashine haikuwa mbovu, wala kijana hakuwa mzembe. Alifuata maneno kama yalivyoandikwa. Kwa hiyo swali la makala haya ni hili: maneno hayo yalikosa nini? Vigezo vya kupimia istilahi tunavijua: neno liwe fupi, liwe wazi, lilandane na mfumo wa lugha, na lisigongane na neno jingine. Orodha yangu ilipita vigezo hivyo vyote kwenye karatasi. Kipimo ambacho haikupita ni kile cha ubao.

1. Kazi yenyewe

Haifai kuhakiki istilahi za kazi ambayo msomaji haijui, kwa hiyo tuieleze kwa ufupi. Katika Nyanda za Juu Kusini mbao hazikosekani. Misindano na mikaratusi hutoka katika mashamba ya Mufindi, hasa shamba la Sao Hill karibu na Mafinga, na mninga hupatikana katika misitu ya miombo, kama ile ya upande wa Chunya. Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwa mafundi ni vibao: vibao vya shule, vya makanisa na misikiti, vya nyumba za wageni, na vya majina ya wafu. Wateja wengi hupenda herufi zilizosimama juu ya ubao, zinazoweza kupapaswa kwa kidole, kwa kuwa hupokea rangi vizuri na huonekana kwa mbali.

Mashine hushika biti inayozunguka na kuipeleka pande tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Wazo la kuiendesha zana ya kukatia kwa nambari si geni. Mashine ya namna hiyo ilionyeshwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1952. Lugha ya amri inayotumika hadi leo ni ya herufi na tarakimu: G0 huamuru mwendo wa haraka bila kukata, G1 mwendo wa kukata kwa mstari ulionyooka, G2 tao la kufuata mshale wa saa, na G3 tao la kinyume chake.

Ili herufi isimame, ubao wote unaoizunguka hauna budi kushushwa. Fundi huamua mambo kadhaa kabla ya kuwasha mashine. Ataanza na biti pana, pengine ya milimita 12, ili kuondoa mbao nyingi upesi. Ataamua kama biti iende na kurudi kwa mistari sambamba, au izunguke kutoka ukingoni ikielekea kwenye herufi. Ataacha unene kidogo kando ya herufi, kama nusu milimita, usiguswe kwanza. Kisha ataleta biti nyembamba ipite katika nafasi finyu, na mwishoni ataizungusha biti mara moja kando ya kila herufi ili kuondoa ule unene uliobakizwa na kuacha ukingo safi. Kila uamuzi kati ya hayo una jina kwenye kioo cha kompyuta, na jina hilo ni la Kiingereza. Orodha yangu ilikusudia kuyapa majina hayo Kiswahili.

2. Kuchonga, kuchora na kuchimba

Tatizo la kwanza limo katika jina la kazi. Niliandika "herufi za kuchonga" dhidi ya "herufi za kuchora". Nilidhani kwamba kuchonga kutaleta picha ya kitu kilichosimama, kama kinyago, na kuchora kutaleta picha ya mstari uliozama. Hapo nilisahau historia ya maneno haya. Kuchora, katika matumizi ya zamani, si kazi ya kalamu tu. Ni kukata alama kwenye kitu kigumu, na mafundi wa nakshi wamelitumia neno hilo kwa nakshi za kila aina. Kuchonga nako ni kukata kwa zana yenye makali, na halisemi lolote kuhusu kusimama au kuzama. Anayechonga penseli hainui kitu.

Matokeo yake yalionekana Mbeya. Mteja aliagiza kibao chenye "herufi za kuchonga", fundi akaandika maneno hayohayo katika daftari lake, na wote wawili wakaagana kwa furaha. Mteja alitaka herufi zilizosimama. Alipewa herufi zilizozama. Hakuna aliyesema uongo. Ni neno lililowatosha wote wawili kwa maana mbili tofauti.

Baada ya hapo nilipendekeza "herufi zilizoinuliwa", nikiamini kwamba nimemaliza kazi. Fundi mmoja mzee wa Iringa, ambaye alianza kazi kwa patasi na nyundo ya mti, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nani ameziinua?" Sikuwa na jibu. Herufi haijainuliwa na mtu. Imebaki pale ilipokuwa, na kilichoshuka ni ubao unaoizunguka. Hili si suala la ubishi wa maneno. Katika mpango wa mashine, uso wa ubao huhesabiwa mara nyingi kuwa sifuri, na kila kinachokatwa kina alama ya kutoa. Mwanafunzi anayeambiwa "inua herufi milimita 5" anaweza kuandika kipimo cha kujumlisha, na biti ikatembea milimita 5 juu ya ubao ikichonga hewa.

Mafundi wa nakshi wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika milango ya Zanzibar, ile ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, maandishi ya Kiarabu yaliyo juu ya mlango mara nyingi husimama juu ya uwanja ulioshushwa kwa patasi. Fundi aliacha maandishi akachukua kilicho kando yake. Kwa kufuata mantiki hiyo ninapendekeza "herufi za kutokeza" na "herufi za kuzama". Kutokeza ni hali inayoonekana kwa jicho. Hakusemi kwamba kuna aliyeinua. Na ule uso mpya unaopatikana chini ya herufi uitwe "sakafu", neno nililolisikia Mbeya na Iringa pia bila kuliuliza. Hivyo fundi atasema: herufi zatokeza milimita 5 juu ya sakafu. Mteja ataelewa, na kipimo kitakuwa kimoja.

3. Njia, mapito na mkupuo

Kwa ule mstari ambao ncha ya biti huufuata niliandika "njia ya zana". Neno linavutia kwa urahisi wake. Lakini njia katika Kiswahili ni pahali pa kupita, na papo hapo ni namna ya kutenda. Sentensi "chagua njia ya kukata" yaweza kumaanisha mstari uliokwisha chorwa kwenye kioo, au utaratibu wa kazi, yaani kuzunguka au kwenda na kurudi. Katika kazi hii dhana hizo mbili hukaa katika ukurasa mmoja wa programu, moja juu ya nyingine. Neno linalozichanganya halifai.

Ninapendekeza "mapito ya biti" kwa ule mstari, na "mtindo wa kukata" kwa ule utaratibu. Mapito hayana maana ya namna ya kutenda. Kwa kila safari moja ya biti katika kina kimoja, Kiswahili kina neno tayari ambalo sisi watungaji wa mezani tulilipita bila kuliona, nalo ni "mkupuo". Fundi husema: milimita 5 hizi nitazishusha kwa mikupuo miwili. Hapo hapana haja ya kutunga.

Kuhusu mitindo yenyewe, orodha yangu ilikuwa na "mkato wa rasta" na "mkato wa ofseti". Utohozi huu haukumsaidia mtu. Mwanafunzi alipaswa kujifunza dhana ngeni pamoja na sauti ngeni. Kijana mmoja karibu na Mwanjelwa, Mbeya, alinieleza mitindo hiyo kwa mfano wa plau ya ng'ombe. Kuna mkulima anayekwenda mpaka mwisho wa shamba akageuka na kurudi, na kuna anayeanza pembezoni akazunguka mpaka katikati. "Mtindo wa kwenda na kurudi" na "mtindo wa kuzunguka" ni majina marefu kidogo, lakini kila mmoja anayeyasikia ataona biti ikitembea. Na faida zake zinafuata katika maelezo: kwenda na kurudi kwa kufuata nyuzi za mbao huacha sakafu laini zaidi katika msindano, ambao nyuzi zake hupenda kusimama kama manyoya zinapokatwa kwa kukingama; kuzunguka nako hufuata umbo la herufi na huacha ukingo uliokwisha karibiana na umbo la mwisho.

Ule unene mdogo unaoachwa kando ya herufi niliuita "posho ya malighafi", tafsiri ya ajabu ambayo sasa yanionea haya. Mafundi huuita "akiba". Aachaye akiba ya nusu milimita amejiwekea cha kusahihishia kosa. Neno hili lina maana kamili, na limekuwa likitumika.

4. Kawaida na kupanda

Hapa ndipo ubao wa mninga ulipoharibika, na hapana budi kueleza kwa makini.

Biti huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, ukiitazama kutoka juu. Inapopita kando ya herufi, inaweza kwenda na herufi ikiwa upande wake wa kushoto, au upande wake wa kulia. Herufi ikiwa kushoto, jino la biti huingia katika mbao kwa unene mdogo na kutoka kwa unene mkubwa. Mwisho wa mkato huo hufukua nyuzi, na pale ambapo nyuzi zimeelekea ndani ya herufi, ukingo huweza kumeguka. Herufi ikiwa kulia, jino huanza na unene mkubwa na kumaliza na unene mdogo, na ukingo hubaki safi. Lakini biti huvuta kuelekea mbele, na mashine isiyo imara huweza kutikisika. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huondoa mbao nyingi kwa namna ya kwanza, kisha humaliza ukingo kwa namna ya pili, akiba ikiwa ndogo na mvuto ukiwa hafifu.

Kiingereza huita namna ya kwanza kwa neno lenye maana ya mazoea, na namna ya pili kwa neno la kupanda mlima. Nami nilitafsiri sisisi: "mkato wa kawaida" na "mkato wa kupanda". Kijana wa Iringa aliyasoma maneno hayo kama Mswahili yeyote angeyasoma. Kawaida ni jambo la salama, linalofanywa na watu wote. Kupanda ni kwenda juu; akaogopa kwamba biti itapanda katikati ya kazi na kuacha sakafu yenye mwinamo. Basi akachagua kawaida toka mwanzo hadi mwisho, hata katika mkupuo wa mwisho kando ya herufi. Ubao ulikuwa wa shule, na jina lake lilikuwa na A nyingi na K mbili. Ncha za K zilimeguka zote mbili, na miguu mitatu ya A ikaondoka na vipande vya urefu wa kucha.

Nilipofika karakanani alinionyesha ubao huo bila hasira. Alisema tu: "Mwalimu, umeandika kawaida. Mimi nilidhani kawaida ndiyo nzuri." Mteja alitaka kibao kipya, na gharama ya mninga ikawa ya kijana.

Makosa ya istilahi hizi mbili ni ya aina moja. Hakuna hata moja inayotaja kinachotokea. Ya kwanza inatoa hukumu badala ya maelezo: inasifu mkato mmoja kuwa wa kawaida bila kusema una tabia gani. Ya pili imechukua sitiari ya lugha nyingine, ambayo hata wenye lugha hiyo huhitaji kufundishwa, na kuivika sauti za Kiswahili. Kwa nje neno ni letu, kwa ndani ni geni kuliko neno la kutohoa, kwa sababu neno la kutohoa angalau humwonya msomaji kwamba hajui maana yake.

Ninapendekeza maneno yanayotaja tendo la jino: "mkato wa kufukua" na "mkato wa kuvuta". Wa kufukua humaliza kwa kuchimbua nyuzi. Wa kuvuta huvuta biti mbele. Kila jina limebeba onyo lake. Asomaye kufukua ataogopa kuutumia katika mkupuo wa mwisho, na asomaye kuvuta atajua kwamba ni lazima ubao ufungwe barabara na mkupuo uwe mwepesi.

5. Mfuko, kisiwa na kwapa

Eneo linaloshushwa niliita "mfuko". Katika herufi za kuzama sitiari hiyo yaweza kustahimilika, maana kila herufi ni tundu lenye mipaka. Katika herufi za kutokeza haina maana yoyote. Hapana mfuko, kuna uwanja mzima unaoondolewa, na herufi zimesimama ndani yake. Kitenzi cha mafundi hapa ni "kukomba", kama vile mtu akombavyo dafu, na tendo lenyewe ni "ukombaji wa sakafu". Kwa herufi inayobaki imesimama katikati, neno "kisiwa" lililokuwamo katika orodha linafaa kubaki. Ni sitiari iliyotoka Kiingereza, lakini haihitaji mkalimani: maji yamezunguka, nchi kavu imesimama.

Jambo gumu zaidi ni pembe. Biti ni duara, na duara haiwezi kuingia katika kona kali. Katika herufi za kutokeza, ncha za nje hubaki kali, kwa kuwa biti huzizunguka kwa nje. Lakini pale ambapo miguu miwili ya herufi hukutana, kama katikati ya M au chini ya kilele cha A, biti haifiki. Kwa biti ya milimita 6, kona ya nyuzi 90 itabaki na mbao isiyokatwa ya kama milimita 1.2 kutoka kwenye ncha ya kona. Kona ikiwa ya nyuzi 40, mbao hiyo itafika karibu milimita 5.8, na herufi itaonekana imevimba. Biti ya milimita 3 hupunguza kipimo hicho kwa nusu, lakini kazi huwa ndefu.

Niliandika "pembe ya ndani" kwa kona hiyo. Lakini ndani ya nini? Ndani ya herufi, au ndani ya sakafu? Katika herufi za kuzama mambo hugeuka: biti hupita ndani ya herufi, na zile ncha zilizokuwa kali ndizo zinazokuwa butu. Mwanafunzi aliyejifunza "pembe ya ndani" kwa aina moja ya herufi atapotea katika aina ya pili. Yule fundi mzee wa Iringa aliniwekea mkono wake mezani, akautenga na ubavu, akaonyesha mahali unapoungana na mwili. "Hili ni kwapa," alisema, "na hiki ni kiwiko. Biti hukwama kwapani." Tangu siku hiyo sijapata istilahi bora. "Kwapa" ni kona ambayo biti huingia na kukwama. "Kiwiko" ni kona ambayo biti huizunguka kwa nje. Maneno hayo yanafuata biti, wala hayafuati herufi, na kwa hiyo hayabadiliki herufi inapozama au kutokeza.

Dawa ya kwapa ni biti yenye ncha kali iliyochongoka kama kabari, niliyoiita "biti ya umbo la V". Mafundi wengi wanaitambua kwa jina hilo, nami sipingi. Lakini "biti kabari" huleta mfumo mzuri pamoja na "biti bapa" ya kukombea na "biti duara" ya kulainishia mabonde. Biti kabari inapofika kwapani huinuka polepole, na kwa kuwa ncha yake ni nyembamba kuliko kiuno chake, hukata kona mpaka mwisho. Gharama yake ni kwamba kuta za herufi huwa na mwinamo. Biti ya nyuzi 60 ikizama milimita 5 hukata upana wa karibu milimita 5.8 usoni, ya nyuzi 90 hukata milimita 10. Kwa hiyo nafasi kati ya herufi mbili ikiwa finyu kuliko kipimo hicho, biti haitafika sakafuni. Mtu asiyelijua hili atapanga herufi kwa kubananisha, kisha atashangaa kuona sakafu imepanda kati ya M na W.

6. Kasi mbili

Kosa la mwisho ninalotaka kulitaja ni dogo kwa sura. Niliandika "kasi ya spindo" na "kasi ya ulishaji". Karakanani watu hawana muda wa majina marefu, kwa hiyo zote mbili zikawa "kasi". Fundi anayeambiwa "punguza kasi" hajui apunguze ipi. Tuchukue mfano. Biti yenye makali mawili inazunguka mara 18,000 kwa dakika, na kila kali lachukua unene wa milimita 0.1. Inapasa basi kusonga milimita 3,600 kwa dakika. Ukipunguza kusonga hadi 900 na kuacha kuzunguka kulivyo, kila kali litachukua milimita 0.025 tu. Halikati tena, linasugua. Mbao huungua, utomvu wa msindano huganda kwenye makali, na fundi akiona moshi huzidi kupunguza.

Hapa pia lugha ilikuwa imekwisha tatua tatizo kabla yetu. Mafundi wazoefu husema "mzunguko" kwa biti na "mwendo" kwa safari yake. Ongeza mwendo, punguza mzunguko. Maneno mawili, hayagongani, na hakuna hata moja lililohitaji kamati.

7. Je, tuache Kiingereza kama kilivyo?

Wapo watakaosema kwamba juhudi hizi ni za bure. Kioo cha kompyuta kina Kiingereza. Mwanafunzi akariri maneno ya kioo, kazi iende. Hoja hii si ya kudharauliwa. Yule kijana wa Iringa, laiti angekariri maneno ya Kiingereza kwa mifano na bila tafsiri yangu, huenda ubao wake ungepona. Lakini hoja inathibitisha jambo moja tu: kwamba tafsiri mbaya ni hatari kuliko kutotafsiri. Haithibitishi kwamba tafsiri nzuri haihitajiki. Fundi mzee aliyenipa kwapa na kiwiko hagusi mashine hiyo, kwa sababu maneno yake yamefungwa. Maarifa ya nyuzi za mbao aliyonayo, ambayo programu haina, yamebaki nje ya mlango. Kijana mwenye mashine hajui kumwuliza, na mzee hajui anaulizwa nini. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ubao mmoja.

Wengine watasema tutunge maneno mapya kabisa. Kwa mashine yenyewe nilijaribu. "Ruta" ni jina la kifaa cha mtandao pia. "Kichongeo" ni cha penseli, na watoto wa shule hawatakiachia. "Mchongo" mtaani siku hizi ni mpango wa kupatia fedha. Nimerudi kwenye "mashine ya kuchongea", na sioni aibu. Tumeona jinsi "ngamizi" na "tarakilishi" yalivyoshindana na "kompyuta", na jinsi watumiaji wengi wa Tanzania walivyoamua bila kutungoja. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, maneno yaliyopata maisha ni yale yaliyokuta watu wakiyahitaji. "Ikulu" lilitoka Kinyamwezi na kukubalika nchi nzima kwa sababu lilikuwa na mahali pa kukaa.

Hitimisho

Katika istilahi arobaini na mbili za orodha yangu, makala haya yamejadili zile zilizoleta madhara au mkanganyiko. Kwa ufupi mapendekezo ni haya: herufi za kutokeza na herufi za kuzama, sakafu, mapito ya biti, mtindo wa kwenda na kurudi na mtindo wa kuzunguka, mkupuo, akiba, mkato wa kufukua na mkato wa kuvuta, kukomba, kisiwa, kwapa na kiwiko, biti bapa, biti kabari na biti duara, mzunguko na mwendo. Msomaji atatambua kwamba nyingi kati ya hizo sikuzitunga mimi. Kazi yangu ilikuwa kuzisikia, na niliifanya kwa kuchelewa.

Fundisho moja linafaa kukaziwa. Tumezoea kuandika orodha kwanza, kisha kuipeleka kwa watumiaji ili waizoee. Kwa istilahi za kazi za mikono utaratibu huo ugeuzwe. Anayekusanya istilahi akae karakanani hadi aone kosa likifanyika, kwa maana neno hujulikana ubora wake pale mtu anapolitii. Aidha, kila orodha ya majaribio iandikwe wazi juu yake kwamba ni ya majaribio, na mwenye kuitunga awe tayari kulipia ubao. Mimi nimelipa wa kijana yule, ingawa siku tatu za kazi yake sikuweza kuzirudisha.

Orodha iliyosahihishwa itawasilishwa katika kikao kwa utaratibu wa kawaida. Kabla ya hapo tunawaomba mafundi wa Mbeya, Iringa, na popote panapotumika mashine hizi, watuletee maneno wanayoyatumia, pamoja na maelezo mafupi ya kazi ambayo neno hilo linafanya. Wasiogope kwamba neno ni la mtaani. Kwapa lilikuwa la mtaani pia.